Iliruka au Ilichuruzika

Mwezi uliopita niliingia bucha moja pale mjini Musoma, bucha mpya yenye vigae vyeupe na friji la kioo, nikamuuliza kijana wa kaunta: "Ng'ombe huyu kachinja nani?" Kijana akaninyooshea kidole ukutani, kwenye karatasi iliyotiwa fremu. "Mama, cheti kile pale. Halali kabisa." Nikamwambia cheti nimekiona na ninakiheshimu, ila sikuuliza karatasi, nimeuliza mtu. Akacheka, akamtazama mwenzake kana kwamba anasema leo tumepata. Watu nyuma yangu wakaanza kukohoa. Sikusogea. Umri ninao wa kutosha, na kikohozi cha foleni hakinitishi. Mwisho akamwita mtu kutoka ndani, mzee mfupi mwenye buti za mpira, na harufu yake ikanifikia kabla hajafungua mdomo: damu iliyooshwa kwa maji baridi, mavi ya ng'ombe, na jasho la asubuhi. Ilikuwa harufu ya baba yangu. Nilisahau hata kilo ngapi nilizokuja kununua.

Baba alikuwa mchinjaji wa mji. Tulikaa mtaa wa Iringo, nyumba ya vyumba viwili, na kila siku akishaswali alfajiri alichukua kisu chake kilichoviringishwa kwenye kipande cha kanga, akashuka machinjioni. Alirudi wakati sisi tunajiandaa kwenda shule. Hakuingia ndani na buti. Alizivua uani, mama akammiminia maji, naye akajisugua mikono kwa majivu na ganda la limau, maana hiyo ilikuwa miaka ya shida na sabuni ilipatikana kwa foleni, tena foleni ya kusukumana. Sukari foleni, unga foleni, na vitenge tulivisikia tu kwa watu waliofika Kenya. Kisha alikaa kwenye kigoda akakinoa kisu polepole, akikijaribu kwenye ukucha wa dole gumba. Alikuwa akisema kisu butu ni dhuluma kwa mnyama.

Siku hizo hakuna aliyedai cheti. Nyama ya mji mzima ilitoka mahali pamoja, na mkono ulikuwa wa baba. Watu walimjua. Walimwona msikitini, walimwona sokoni, walijua hata ugomvi wake na jirani kwa ajili ya kuku. Na hawakuwa Waislamu peke yao. Wakatoliki, Wasabato, Wamenonaiti, mtu akiwa na harusi au msiba alimtuma mtoto kwetu: "Mama kasema baba aje kesho kutuchinjia." Visu walikuwa navyo, na dini yao haikuwakataza kuchinja. Ila walijua kwamba akichinja Juma, yaani baba yangu, kila mgeni atakula, na mgeni akikaa kwako na sahani tupu aibu ni yako wewe, si yake. Ndivyo tulivyoishi, na sikuwahi kumsikia mtu akilalamika.

Mimi nilimwandama baba kwa maswali mpaka akachoka, akaamua kunifundisha kama anavyofundishwa mtu mzima. Mnyama awe hai, na uhai wenyewe uwe wa kweli. Kisu kiwe kikali. Jina la Mungu litajwe. Koo likatwe pamoja na mishipa yake, halafu utazame. "Aliye hai damu yake inaruka," alisema. "Aliyekwisha kufa inachuruzika tu. Utaona na mkia, utaona na miguu." Aliyekufa kabla ya kisu ni kibudu, na kibudu hakiliwi hata kama njaa ya mwezi mzima imekaa mlangoni na jirani anakula. Nilikuwa na miaka tisa, na yote hayo niliyashika barabara, isipokuwa jambo moja nililolielewa vyangu. Nilidhani Bismillahi ni kama chumvi. Chumvi ukiisahau mwanzoni unaweza kuitia hata chungu kikishaiva, ukakoroga, ikakolea. Mama alifanya hivyo karibu kila siku na mchuzi ulikuwa mtamu, basi nikaona na hilo ni hivyo hivyo.

Mama alizaliwa Mkristo, upande wa Butiama, kwenye boma la ng'ombe. Jina lake lilikuwa Veronika. Alipoolewa na baba akasilimu akaitwa Mwanaidi, na baba yake, Babu Wambura, hakulitamka jina hilo hata siku moja. Alimwita Vero, mbele ya baba, kwa sauti. Babu alikuwa Mkatoliki wa kweli, aliyefyatua matofali ya kanisa la kigango chao kwa mikono yake. Lakini sasa nikiwa mtu mzima nadhani si dini iliyomuuma hasa. Kilichomuuma kilikuwa bakuli.

Kila tulipokwenda, baba alisalimia kwa adabu zote, akakaa alipoonyeshwa, akaletewa ugali. Ukija kwa sato alikula, ukija kwa maziwa mgando alikula, ukija kwa mlenda alikula na kuomba kuongezwa. Ikija nyama alishukuru na kulisogeza bakuli pembeni. Hakuna aliyemwambia kachinja nani, naye aliona haya kumhoji mkwe. Babu aliona kila safari bakuli linavyosogezwa. "Samaki wa ziwani anakulaga, samaki wa watu asiowajua," nilimsikia akimwambia bibi. "Ila ng'ombe niliyemlisha mimi, anamwonaga uchafu." Kwa mfugaji wa kule, ukikataa nyama ya ng'ombe wake umemkataa mwenyewe. Mama alikaa katikati yao akitazama mkeka, na safari yote ya kurudi Musoma hakuwa na maneno. Nilimwonea huruma kila nikisikia tunakwenda Butiama.

Basi mjomba Petro, mdogo wake mama, akapata mchumba wa Nyamuswa. Mjomba alifanya kazi Bunda, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na nyapara wake pamoja na wenzake wengi kazini walikuwa Waislamu. Wote aliwaalika harusini. Ndipo babu akatuma neno kwa dereva wa lori la pamba: "Mwambieni mkwe aje amchinje fahali wangu Madoa yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwa namna yake. Safari hii tutakula sahani moja." Mama alimwomba dereva arudie. Dereva akarudia. Mama akakaa kwenye kizingiti akalia, na baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alikinoa kisu jioni ile muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

Mimi na mama tulitangulia siku ya Alhamisi. Baba alikuwa aje Jumamosi alfajiri kwa lori. Misa ilikuwa saa nne, chakula saa nane, kwa hiyo Madoa ilibidi awe chini mapema. Kulipokucha walimfunga kamba shingoni kwenye nguzo ya zizi, juu kidogo ya korongo. Alikuwa fahali mweupe mwenye mabaka meusi, mpole, na siku iliyotangulia nilimlisha maganda ya ndizi kwa mkono wangu. Saa moja ikapita, lori halijaonekana. Saa mbili ikapita. Bibi akawa anauliza masufuria yatachemka maji matupu mpaka lini. Kisha vijana wa ngoma wakafika, wakaijaribu ngoma yao pale pale karibu na zizi, bila habari.

Madoa akaruka. Aliruka upande wa korongo, kamba ikamkatisha hewani, akaning'inia kwa shingo huku miguu ya nyuma ikichimba udongo. Watu walikimbia huku na huku wakitafuta panga la kukatia kamba, na mapanga yote yalikuwa nyuma ya nyumba kwa wanawake waliokuwa wakipasua kuni. Ilichukua muda. Najua ilichukua muda kwa sababu nilikuwa nimesimama palepale, nikaiona miguu inapunguza kuchimba, kisha ikaacha.

Kamba ilipokatwa alianguka kama gunia. Mjomba Petro akaja mbio, ameshavaa suruali ya harusi ya kuazima, ameikunja mpaka magotini. "Bado hajafa," alisema. "Bado, bado. Nani Mwislamu hapa?"

Wageni wa Bunda walikuwa hawajafika. Mama alikuwa amekwenda kisimani. Watu wakatazamana, halafu macho yakanigeukia mimi.

"Huyu je? Si wa Juma huyu?"

"Huyo si mtoto tu."

"Mtoto wa mchinjaji. Lete kisu."

Nikajikuta nimepiga magoti, mkono wangu kwenye mpini na mkono wa mjomba juu ya wangu, mkubwa, wa moto. "Sema maneno ya baba yako," akaniambia. Nikasema Bismillahi, Allahu Akbar, kwa sauti, jinsi nilivyofundishwa. Mjomba akasukuma kisu. Nilikuwa karibu kiasi kwamba niliona nzi akitembea juu ya jicho la Madoa, akitembea juu ya jicho lenyewe, na jicho halikupepesa. Damu ilitoka. Ilitoka nyeusi, nzito, ikashuka kwenye majani bila haraka yoyote. Mkia ulikuwa umelala.

"Tumemuwahi," mjomba alisema.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama mdogo mmoja akavua kanga yake akanifunga mabegani, na watu wakanisifu kwamba nimeokoa harusi. Siwezi kudanganya, nilijiona mtu. Nilijiambia chumvi imeingia, imechelewa kidogo tu. Babu peke yake hakusema kitu. Alikuwa amesimama upande wa pili wa korongo, fimbo mkononi, akimtazama ng'ombe wake.

Baba alifika karibu saa tatu, kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Lori lilipasuka tairi baada ya Makutano, na kupata tairi la akiba siku hizo ilikuwa habari ya kuomba na kufunga. Alikuja mbio njia yote, kisu kwenye kanga, kwapani. Alimkuta Madoa ameshachunwa nusu.

"Shemeji, usiogope, tumekusaidia," mjomba akamwambia, akamweleza yote: korongo, kamba, mimi, maneno niliyosema. "Au mtoto wa kike haruhusiwi?"

"Mtoto mwenye akili yake, akitaja jina la Mungu, kuchinja kwake kunatosha. Wa kike, wa kiume," baba alijibu. "Hapo sina neno."

Akamsogelea Madoa. Aliitazama nyama ya bega, nikaona macho yake yamekaa pale muda mrefu, maana yeye rangi ya nyama aliijua kuliko rangi ya mashati yake. Kisha akaja akachuchumaa mbele yangu, uso kwa uso.

"Niambie. Damu iliruka au ilichuruzika?"

 Mama alikuwa amerudi kutoka kisimani, amesimama na ndoo kichwani, hata kuitua hakuitua. Mjomba alinitazama. Babu alinitazama. Nikaona sahani moja, mama yangu anacheka, na safari ya kurudi Musoma yenye maneno ndani yake.

"Iliruka," nikasema.

"Uliiona?"

"Ilinirukia hapa." Nikamwonyesha mkono, ambao kweli ulikuwa na damu.

"Na mkia?"

"Aliupiga. Aliupiga sana."

Baba akaniwekea kiganja kichwani. Wageni wa Bunda nao wakawa wanaingia uwanjani, nyapara mbele, mzee mwenye kofia safi ya kiua, na jambo la kwanza alilouliza, baada ya salamu, ni kama mambo yako sawa. "Binti yangu alikuwepo, ameshuhudia kwa macho yake," baba alimjibu. "Kuleni bila wasiwasi. Dhima ni yangu." Nyapara akasema alhamdulillahi, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya pamba.

Mama alipokea maneno hayo kama mtu aliyepewa maji baada ya kiu ndefu. Aliimba jikoni. Sikuwahi kumsikia akiimba nyumbani kwao. Harufu ya nyama ikaanza kuenea, nyama ya mafuta halisi, siyo ile ya kuchemsha na chumvi tuliyoizoea miaka ile, na watoto wenzangu walikuwa wakizunguka masufuria wakimeza mate. Mimi mate hayakuja. Nilimwendea bibi, mama yake mama, aliyekuwa akikoroga sufuria kubwa kuliko zote.

"Bibi, kuna chakula ambacho ukichelewa kutia chumvi hakikolei tena?"

Bibi alifikiri kidogo, mwiko mkononi. "Samaki aliyeoza," akasema. "Huyo hata umlaze kwenye chumvi wiki nzima, unapata samaki aliyeoza mwenye chumvi." Akacheka mwenyewe, akaendelea kukoroga.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya: Bismillahi yangu ilimkuta Madoa ameshakufa, isingekolea kamwe. Kabla ya hapo nilikuwa mtoto aliyekosea. Kuanzia hapo nilikuwa mwongo, na nilijua. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kumwendea baba. Alikuwa hatua thelathini, chini ya turubai, akizungumza na watu. Nilikwenda mpaka katikati ya uwanja nikarudi. Nikaenda tena, nikarudi.

Saa nane, baada ya misa, wanaume walikaa, maji ya kunawa yakapitishwa. Sahani ya kwanza ilikuwa ya mkwe, na hakuna atakayeanza kabla yake. Babu aliibeba mwenyewe. Ilikuwa na ugali na kidari, ile nyama ya kifuani ambayo kule huwezi kumpa mtu hivi hivi tu. Alikuja nayo mikono miwili, na baba akainuka nusu akaipokea mikono miwili. Mama alikuwa mlangoni ameziba mdomo kwa ncha ya kanga. Baba akasema Bismillahi, akakata tonge, akalichovya, akaliinua. Mimi nilitaka kupiga kelele. Sikupiga.

Mkono wa babu ukashuka ukaichukua ile sahani kutoka kwenye mapaja ya baba.

Kwetu Mara, kumnyang'anya mgeni chakula mkononi ni zaidi ya kumtukania mama yake. Wanaume kadhaa wakasimama. Tonge la baba lilibaki hewani. Nilimsikia mtu nyuma yangu akisema, "Mzee hajamsamehe bado."

"Baba, unaniharibia harusi," mjomba Petro alisema.

"Kaa chini wewe." Babu hakumtazama. Alimtazama baba. "Mkwe, dini yako mimi siijui, na kwa uzee huu sitaijua. Ila ng'ombe wangu namjua. Madoa alikufa kwenye kamba. Kisu kilimkuta mzoga."

"Lakini mtoto amesema…" mtu mmoja akaanza.

"Mtoto amesema alichotaka kiwe. Hata mimi nilikitaka. Tangu asubuhi nimenyamaza, nakitaka."  "Miaka yote nalalamika kwamba mtu huyu anakataaga chakula changu. Leo amekubali, ndo nimlishe asichokula? Akila hivi hajala kwangu. Nitakuwa nimemwibia."

Baba alilirudisha tonge kwenye sahani, taratibu, sahani ikiwa bado mikononi mwa babu. Hakunitazama. Aligeuka kwa nyapara na wale watu wa Bunda, akasema mbele ya watu wote wa harusi: "Ndugu zangu, msile. Niliwaambia mimi, na mimi nimewakosea. Nisameheni." Baba yangu, ambaye mji mzima wa Musoma ulikula kwa neno lake, akaomba radhi kwa sababu ya ulimi wangu. Nimepata aibu nyingine maishani, nyingine kubwa na za watu wazima. Hakuna iliyofika pale.

Babu alikwenda zizini akarudi akivuta mbuzi wawili, majike ya kuzaa, si ya kuchinjwa ovyo. Baba akamwambia, "Mzee, mmoja anatosha." Babu akasema wote wawili. Alimlaza wa kwanza mwenyewe, akamgeuza kichwa upande aliomwonyesha baba, akamshika miguu kwa mikono ile iliyofyatua matofali ya kigango. Baba akafungua kanga, akatoa kisu. Ndipo akaita, bila kupaza sauti:

"Wewe. Njoo hapa."

Akanisimamisha karibu, karibu kuliko alivyowahi kunisimamisha machinjioni. Akataja jina la Mungu. Damu iliruka ikanipiga kifuani, ya moto, nyekundu, na mbuzi akapiga miguu mpaka babu akayumba.

"Hii ndiyo kuruka," baba alisema. "Umeona?"

"Nimeona."

 Damu ile haikutoka tena kwenye gauni, sabuni yenyewe ilikuwa wapi. Mama alilikata akafanya matambara.

Walikula karibu saa kumi, babu na baba, sahani moja, na watu wa Bunda pembeni yao. Wengine waliobaki, Wakristo, walimla Madoa bila tatizo lolote, na walisema alikuwa mtamu. Harusi haikuharibika. Mjomba Petro ana wajukuu sasa, na hadithi hii anaisimulia kama vile yeye hakuwa na mkono ndani yake.

Baada ya hapo nyama ya Butiama ilikuja kwetu Iringo mara kwa mara, kwa lori, kwa mtu yeyote aliyekuwa akija mjini, imefungwa kwa majani ya mgomba na kamba ya katani. Babu alikuwa amemtafuta Mwislamu mmoja huko huko, fundi baiskeli, akawa anamwita kila anapochinja, hata kuku. Majirani walimuuliza baba: "Sheikh Juma, hii imetoka kwa Wakristo, huko porini, hukuwepo. Una hakika gani?" Baba aliwajibu akiwa anatafuna. "Mzee yule alininyang'anya sahani mkononi mbele ya watu. Mtu wa namna hiyo nimuulize nini tena?" Na kweli hakumuuliza, si kwa barua, si kwa mdomo, mpaka babu alipofariki. Siku ya mazishi baba alilia kwa sauti, na hilo nalo watu wa kule wanalisimulia.

Mimi ndiye niliyeulizwa. Hakunipiga kwa ajili ya siku ile, na ningefurahi angenipiga, ingekwisha. Badala yake akaanza kuniuliza kila kitu mara mbili. "Umefunga kuku?" Nimefunga. "Umefunga?" Nimefunga, baba. "Umeswali?" Nimeswali. "Umeswali?" Hakuwa na hasira, aliuliza kama mtu anayegonga ukuta kujua kama umekauka. Ndugu zangu aliwauliza mara moja.

Miaka ikapita, biashara ikafunguliwa. Sukari ikarudi, vitenge vikajaa, bucha za watu binafsi zikaota kila mtaa, na nyama ikaanza kutoka kila upande, imechinjwa na watu ambao hakuna aliyejua wanaswali wapi. Watu wakaanza kuuliza maswali ambayo hatukuwa nayo utotoni, na hawakukosea kuuliza. Baba magoti yalimwisha, akastaafu. Nyumba ya Iringo ilikuwa sasa na mimi, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye mume na watoto wawili, na mimi ndiye niliyekwenda kumnunulia nyama. "Kachinja nani?" Fulani, baba. "Umemwona?" Nimemwona. "Umemwona?" Mume wangu alikuwa anacheka. Mimi nilijifunza kusema "sijui, sikumwona," na siku hizo tulikula maharage. Nilijifunza kwenda machinjioni mwenyewe kabla ya kengele ya shule, kusimama na kina mama wanaonunua utumbo, nikatazama. Wachinjaji walinizoea. Walikuwa wakiniita mkaguzi.

Ilikuwa Ijumaa moja, baba ameshazeeka, haoni vizuri jicho la kushoto. Nilimwekea sahani mbele yake, wali na nyama, nikamnawisha mikono.

"Umeona mwenyewe?" akauliza.

"Nimeona, baba. Iliruka."

Nikabaki nimesimama na birika la maji, nikisubiri swali la pili. Baba akasema Bismillahi, akala.